Tumbo la Mama Mkwe

Bibi Dorotea alikuwa na jina alilompa mkwe wake Revocatus, jina la moyoni, na kwa kuwa alikuwa mama wa jumuiya kanisani hakuwahi kulitamka. Mbele za watu alimwita "mkwe wangu" kama wanavyofanya wenye wakwe. Lakini kila alipomwona anatoka chumbani asubuhi na tai shingoni, pale pale Butiama, hana ofisi, hana mkutano, anakwenda kukaa kwenye kiti cha plastiki barazani kwake mwenyewe, lile jina lilimpanda mpaka kwenye meno, akalimeza pamoja na mate.

Na mate ndiyo yalikuwa chakula chake katika nyumba ile. Mate na vidonge.

Vidonge vyenyewe vilikuwa vya aina mbili. Kile kikubwa cheupe alikijua tangu zamani. Walimwanzishia huko Musoma, kliniki ya sukari, baada ya kidonda cha kidole gumba kukataa kupona msimu mzima wa mihogo. Kile kidogo waliongeza safari hii ya mwisho, maana sukari ilikuwa haitaki kushuka, na hicho kikubwa nacho wakakipandisha: asubuhi na jioni. Nesi alimweleza taratibu kwa kuwa aliona mgonjwa ni mtu mzima.

"Bibi, hivi havipendi tumbo tupu. Anza kula, ukifika katikati ya chakula meza, halafu umalizie kula. Mwanzoni tumbo litakusumbua. Litanguruma, utaharisha, mdomoni utasikia ladha kama umelamba bati. Usiache, linazoea lenyewe. Likikataa kuzoea urudi hapa tukubadilishie. Ila ukimeza na njaa, hiki kikubwa kitakukimbiza chooni na hiki kidogo kitakuangusha."

Dorotea akaitikia. Nyumbani Mugango akafuata vilevile. Asubuhi alipasha kiporo cha ugali wa muhogo na dagaa, akala nusu, akameza, akamalizia. Tumbo lilinguruma kweli, kama pikipiki inayokataa kuwaka, na safari za chooni zilikuwepo, ila choo kilikuwa chake na njia yake aliijua. Baadaye likaanza kupoa. Alikuwa anamsimulia jirani habari hizo njema simu ilipoita: Recho, kitinda mimba wake, amejifungua kwa upasuaji huko Bunda, mtoto wa kiume, amesharudishwa Butiama na mshono wake, na hakuna wa kumsaidia.

Hapo inabidi tueleze jambo la ukoo. Kwa kina Dorotea mama mkwe halagi nyumbani kwa mkwe wake. Atafika, atasalimia, atamwogesha mjukuu, atalala hata chumba cha uzazi pamoja na binti yake. Lakini chakula cha boma lile hagusi, maji yake hanywi, na choo chake haingii, mpaka mkwe amfungue mdomo. Kufungua mdomo ni mbuzi. Anachinjwa mbele ya watu, mama anapewa kipande cha ini, anatafuna, watu wanapiga vigelegele, imekwisha. Tangu hapo anakula kama kwake. Si jambo kubwa. Wavuvi wa Murangi wenye kaptula za viraka wamewafungua mama zao wakwe kabla mtoto wa kwanza hajaota meno. Revocatus alikuwa na mtoto anayesoma chekechea, na huyu mchanga juu yake, na mbuzi hakuonekana.

"Hizo mila zimepitwa na wakati, mama," alisema kila alipokumbushwa. Maneno mazuri hayo, yangetoka kwenye mdomo mwingine. Siku ya harusi blanketi la mila la upande wa wakwe alilipokea kwa mikono miwili, na jogoo wa mila akamkagua mabawa kama mnunuzi wa mnadani. Mila za kupokea hazikuwa zimepitwa na wakati. Zilizopitwa ni za kutoa.

Dorotea alifika Butiama kwa bodaboda, kikapu mapajani, akiamini kwamba safari hii hata jiwe lingeona haya. Amekuja kulea mtu na mshono. Mkwe gani angemwacha mama wa namna hiyo akae na njaa? Tena nyuma ya nyumba mbuzi alikuwepo amefungwa, dume kubwa lenye masikio marefu, la kisasa, ambalo Revocatus alilipiga picha nyingi kuliko alizompiga mke wake. Recho akamwambia mumewe kwa upole. Jibu likaja kwamba dume lile ni la mbegu, mbuzi wa mama atapatikana mwisho wa mwezi. Kisha akamtembeza mama mkwe kumwonyesha nyumba. Akafika kwenye choo cha ndani, akawasha taa ingawa kulikuwa mchana.

"Malumalu hii, mama. Mpaka juu."

"Naona, mkwe wangu," alisema Dorotea kutoka mbali, kwa kuwa hata kusogea mlangoni hakuruhusiwa. Akawaza kwamba huyu ndiye mtu wa kwanza kumwona anayemtambulisha mgeni kwa choo asichoweza kukitumia.

Ng'ambo ya barabara aliishi Bi Kudura, mjane, fundi cherehani, mtu wa Bunda mjini aliyehamia pale na marehemu mumewe. Huyo ndiye aliyekuwa jiko la Dorotea na choo chake. Shida ni kwamba Bi Kudura alitoka alfajiri kwenda kwenye kibanda chake cha kushonea, akarudi mchana kupika, na Dorotea asubuhi hangeweza kumwacha Recho: maji ya kumkanda, uji, nguo za mtoto. Kwa hiyo asubuhi alimeza vidonge vyake kwa maji ya chupa aliyochota kwa Bi Kudura, akiwa amesimama nje ya uzio, tumbo tupu kama ngoma, maana kumwomba mjane na kiporo cha asubuhi aliona haya. Alijua anakosea. Alimkumbuka nesi kila alipomeza. Lakini kuacha dawa aliogopa zaidi, maana kidole gumba bado alikuwa nacho na alitaka kubaki nacho.

Tumbo halikuchelewa. Jua likianza kuwaka lilijaa upepo, likajikunja, likapiga kelele mpaka mtoto mchanga akageuza kichwa. Kisha mate yakajaa mdomoni, ile ladha ya bati, na hapo Dorotea alijua kwamba hana muda. Alishika khanga kiunoni akavuka barabara. Waendesha bodaboda wa kijiweni walishamzoea. Wengine walimpisha kwa heshima kama gari la wagonjwa.

"Dada Dorotea," Bi Kudura alimwambia siku moja ambayo hakwenda kibandani, alipomkuta anatoka chooni amejishikilia ukutani, "leo umepita hapa hata kuku wangu wamekimbia. Kwani kile choo cha malumalu kina nyoka?"

"Kina mwenye nacho."

"Mimi kwetu mama mkwe anakula, anashiba, anaomba na ya kubeba. Ungekula tu. Nani atakuona?"

"Recho ataniona," alisema Dorotea, akakaa juu ya kinu kilicholazwa. "Kudura, sikiliza. Mama akila bure kwa mkwe, binti naye anakuwa wa bure. Kesho akimpiga nitakwenda kusema nini, na ugali wake ninao tumboni? Yule mtu hajawahi kutoa kitu kwa ajili ya Recho bila kusukumwa. Nikimwachia na hili, basi."

"Na tumbo?"

"Tumbo ni langu. Nitaligombeza."

Bi Kudura akacheka, akampakulia wali wa jana na kipande cha sato, akamwambia ale kabla hajazimia kwenye uwanja wa watu.

Revocatus naye aliona safari zile, na zilimfurahisha. Maana kazi yake, iliyovalishwa tai, ilikuwa kuuza unga. Unga wa kijani kwenye makopo, unaitwa Neema ya Mwili, unatibu sukari, presha, viungo, utasa, na kwa kadiri Dorotea alivyosikia, hata madeni. Alikwenda semina ya wikiendi kwenye hoteli moja Musoma akarudi na cheti chenye picha yake, akakitundika sebuleni kwenye fremu iliyoizidi ya Bikira Maria kwa upana. Tangu hapo alijiita mshauri wa afya.

"Mama, unaona?" alisema, akiwa mlangoni kwa Recho, mkono kwenye tai. "Hizo kemikali ndizo zinakuharisha. Mwili unazikataa. Vidonge viwili tofauti ndani ya tumbo moja, vinapigana. Mimi wateja wangu wanachanganyaga kijiko kimoja tu na maji, hakuna cha kukimbia barabarani."

"Vinakataliwa na njaa, mkwe wangu, si na mwili," alisema Dorotea. Alikuwa anakunja nepi. "Kule Mugango vilikuwa vimetulia."

"Mugango ni ushamba, mama. Ushamba unaficha mengi."

Dorotea akaangalia nepi aliyoishika, yenye kinyesi cha njano cha mtoto, akaona kwamba ina hekima kuliko aliyesimama mlangoni.

Lakini asubuhi iliyofuata kidonge kidogo kikafanya alichosema nesi. Alikuwa anamimina maji ya moto kwenye beseni, akaona mikono inatetemeka, jasho limemtoka shingoni jua halijapanda, na kuta zinasogea. Akatua birika chini kwa bahati, maji yakamwagika karibu na kitanda cha Recho. Recho, na mshono wake, ikabidi ainuke kitandani kumshika. Akamwita mumewe. Dorotea akaomba apelekwe ng'ambo, na Bi Kudura, aliyeitwa mbio kutoka kibandani, akamnywesha uji wenye sukari, yeye mgonjwa wa sukari, mpaka mikono ikatulia.

Aliporudi, Revocatus alikuwa ameshaamua.

"Mama, hii si salama tena. Nimeongea na Jenoveva wa Bunda. Atakuja Jumatatu kumwangalia Recho. Wewe urudi nyumbani ukapumzike na tumbo lako."

Jenoveva alikuwa dada yake. Kwenye uzazi wa kwanza ndiye aliyekuja kulea. Alikaa na simu sebuleni toka asubuhi mpaka jioni, miguu juu ya stuli, na Recho mwenyewe, ana mshono mbichi, akafua mashuka kwa mkono mpaka mshono ukafumuka, akarudishwa hospitali na usaha. Dorotea alimtazama binti yake. Recho alivuta shuka mpaka kifuani na kuweka kiganja juu ya tumbo, pale penye mshono, kama mtu anayefunika kitu kisiibiwe.

"Nimesikia," alisema Dorotea.

"Au," Revocatus akaongeza, sauti imelainika, "ungeacha hivyo vidonge ukatumia Neema. Jumapili baada ya misa nina watu hapa sebuleni, semina ndogo. Ukinywa mbele yao, wakaona mama mkwe mwenyewe anatumia, basi Jenoveva hana haja ya kuja. Tutakuwa tumeelewana."

Hapo lile jina lilifika kwenye ulimi kabisa. Dorotea alilirudisha kwa shida. Huyu mtu hakuwa hata mchawi. Mchawi anataka roho yako. Huyu alitaka picha yako umeshika kopo.

"Nitakuja kukaa na wageni wako, mkwe wangu," akasema.

Jumapili sebule ilijaa. Wazee wa pale Butiama, akina mama wawili watatu wa kwaya, mwendesha trekta mwenye presha, na mbele kabisa Mzee Ryoba, mzee mwenye fimbo na kofia ya pama, ambaye sukari ilimshika miaka iliyopita na ambaye sauti yake ilisikilizwa kwenye kesi za mipaka na za ndoa. Revocatus alivaa tai nyekundu. Alizungumza habari za seli, za sumu, za mwili kujisafisha, akionyesha cheti ukutani kama padri anavyoonyesha tabenakulo. Kisha akachanganya unga kwenye glasi. Ukageuka kama maji ya bwawa mwezi wa kiangazi.

"Wapendwa, ushahidi ninao hapa hapa nyumbani. Huyu ni mama mkwe wangu, toka Mugango. Ana sukari. Vidonge vya hospitali vimemharisha mpaka juzi ameanguka. Leo, mbele yenu, anaanza Neema. Karibu mama, kunywa."

Akanyoosha glasi. Dorotea alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, khanga imefungwa vizuri, mikono mapajani. Hakuipokea.

"Nitakunywaje, mkwe wangu?"

"Kwa mdomo, mama," akasema Revocatus, na watu wakacheka kidogo.

"Mdomo upi? Huu hujaufungua."

Kicheko kikakatika. Mzee Ryoba akageuka mzima mzima kwenye kiti chake, kama mtu anayegeuza ng'ombe.

"Ngoja. Kijana, huyu mama hajafunguliwa mdomo?"

"Mzee, hayo ni mambo ya..."

"Nimekuuliza. Una watoto wangapi?"

"Wawili."

"Wawili. Na mama yuko hapa anamlea mkeo tangu lini? Anakula wapi?"

"Kwangu," alisema Bi Kudura kutoka dirishani, alikokuwa amesimama nje kwa sababu hakualikwa. "Anakula kwangu na haja zake anafanyia kwangu. Mnamwonaga anavuka barabara, mnafikiri anafanya mazoezi?"

Mama mmoja wa kwaya akajifunika mdomo kwa mtandio. Mzee Ryoba akaangalia dari, akaangalia cheti, akaangalia mlango wa choo uliokuwa wazi na taa yake inawaka.

"Nyumba ina malumalu mpaka juu," akasema, "na mama mkwe hajaonja ini. Kijana, unamnywesha mtu dawa nyumbani kwako na maji yako hajayanywa? Kwetu hata adui hafanyiwi hivyo."

Revocatus akafuta jasho kwa ncha ya tai. Akasema mbuzi yuko njiani. Akasema mwisho wa mwezi. Watu wakamtazama tu. Mwisho akajaribu lililomshusha kabisa: akachukua makopo mawili mapya mezani, akayaweka miguuni kwa Dorotea, akasema kwa mila za kisasa haya yana thamani sawa na mbuzi.

Mzee Ryoba akalisukuma kopo kwa ncha ya fimbo.

"Hili lina ini?"

Nyuma ya nyumba lile dume likalia, na kila mtu akalisikia.

Walichinja kabla ya saa nane. Mwendesha trekta ndiye aliyeshika miguu. Revocatus alisimama pembeni, tai ameitia ndani ya shati isipate damu, uso wake kama wa mtu anayezika ndugu. Ini likachomwa juu ya makaa, Mzee Ryoba akalikata, akampa Revocatus amkabidhi mama mkwe wake. Dorotea akapokea, akatafuna polepole. Lilikuwa gumu kidogo, la dume lililozeeka kwa kusifiwa. Akameza. Wanawake wakapiga vigelegele.

Revocatus hakupoteza muda. Akarudi na ile glasi, unga umeshatuama chini kama matope.

"Sasa mama mdomo umefunguka. Kunywa, watu waone."

"Umefunguka kweli, mkwe wangu, nakushukuru," alisema Dorotea. "Kinachoingia nachagua mwenyewe."

Kisha akafungua pindo la khanga akatoa vidonge vyake, akawageukia wageni. Aliona haya kidogo, maana habari za tumbo si habari za sebuleni, lakini mkwe wake alikwisha kuzitangaza kabla yake, tena kwa uongo.

"Hivi ndivyo vinanishushia sukari. Nimeharisha, ni kweli. Nimeharisha kwa sababu nilivimeza na njaa, na njaa niliipata hapa. Nesi alinikataza, nikavimeza hivyo hivyo. Kosa si la kidonge."

Mzee Ryoba alikohoa. Akavuta kiti karibu, akashusha sauti, ingawa wote walisikia.

"Mama, na mimi hicho kikubwa nilikuwaga nacho. Kikanisumbua hivyo hivyo, upepo, kuhara, hata kanisani nikawa nakaa benchi la nyuma. Nikakiacha. Ndiyo nikasema nije nione huu unga."

"Ulikuwa unakula kwanza?"

"Nilikuwa nakunywa chai ya rangi tu. Mimi asubuhi silagi."

"Basi rudi kliniki useme hivyo hivyo ulivyoniambia mimi, usione haya. Wanaweza kukuanzishia kidogo kidogo, au wakakupa kingine. Ila kuacha kimya kimya, halafu kuja kunywa majani ya huyu..." Akalishika lile jina tena, akaliweka kando. "Ya mkwe wangu. Hapana, mzee."

Mzee Ryoba akaitikia kwa kichwa, akavaa kofia. Hakununua. Na aliposimama yeye, wengi nao walisimama. Makopo yakabaki juu ya meza yamejipanga kama watoto walioachwa shuleni.

Chakula kikaandaliwa. Recho alitoka chumbani kwa mara ya kwanza, akitembea ameinama kidogo, Bi Kudura amemshika kiwiko na mtoto yuko mkono wa pili. Ugali ulitoa mvuke, nyama ya mchuzi kando yake, na mboga za mgagani. Dorotea alinawa. Revocatus alinawa pia, akavuta kiti, akakaa mezani na sahani yake, akisubiri bila shaka asifiwe kwa ukarimu.

Dorotea hakugusa tonge.

"Mkwe wangu, mimi nakula."

"Ndiyo mama, karibu sana."

"Nimekwishakaribia. Sasa wewe toka. Mkwe haoni meno ya mama yake yakitafuna. Mila uliyoifungua leo ina hilo pia. Au Mzee Ryoba nimwite arudi atukumbushe?"

Revocatus alimtazama mkewe. Recho alikuwa anatazama mchuzi. Akabeba sahani yake, akaenda jikoni kukaa kwenye kigogo cha kuni, na tai yake.

Dorotea akala nusu ya ugali wake, taratibu, akameza vidonge, akaendelea kula. Tumbo lilinguruma mara moja, likakaa. Kesho lingeweza kuamka tena na fujo zake. Alijua, ilichukua muda hata Mugango. Lakini kesho atakuwa na kiporo.

"Mama," Recho alinong'ona, akishika mshono kwa kicheko, "usinichekeshe tena, utanifumua."

"Kula. Na umwambie mumeo amalize ile habari ya Jumatatu."

Hawakuhitaji kumwambia. Ukuta ulikuwa mwembamba kwa upande wa jikoni, na walimsikia amepiga simu Bunda, mdomo umejaa nyama ya dume lake, anamwambia Jenoveva asihangaike kuja. Mama yupo, tena anakula vizuri.